Moto wa Buluu Kwenye Redio za Mahmudu

Redio ilikuwa bado inaimba wakati wanamfunga mikono mtu aliyeitengeneza.

Walimfunga kwa waya wa spika. Waliupata kwa kuipasua redio nyingine kwa jiwe, palepale gulioni Mnyambe, mchana kweupe. Waya ule aliuchagua yeye mwenyewe kiwandani kwa sababu haukatiki ovyo.

Nilisimama karibu kiasi cha kuuona ukizama kwenye ngozi.

Mtu mmoja alikuwa ananoa panga kwenye tofali. Taratibu, bila hasira. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Mtu mwenye hasira anaweza kukosea. Yule alikuwa kazini.

Naitwa Yuster. Nilisomea elektroniki chuoni, nikafundisha fizikia sekondari huko Lukuledi, kisha nikaacha chaki na kuajiriwa na mtu aliyekuwa anafungwa pale. Nayaandika haya jinsi yalivyofuatana, kwa sababu hadithi ya siku ile imeshazunguka kwenye magrupu yote ya huku kwetu, na kila ninapoisoma nakuta kuna jini ndani yake.

Hakukuwa na jini.

Kulikuwa na moto wa buluu. Huo ni kweli, na nitaueleza.

Mtu aliyefungwa anaitwa Mahmudu. Ni mzaliwa wa Masasi, wa ukoo wa wafanyabiashara. Alipokuwa kijana alianzisha kampuni ya taa za jua. Alizikusanya mwenyewe, akazipeleka Newala, zikanunuliwa sana. Lakini betri zake zilikuwa za hovyo. Zilivimba. Moja ikapasuka ndani ya nyumba na kumpofua mama wa watu jicho.

Huku kitu kibovu kinachojifanya kizima tunakiita kimeo. Kuanzia siku ile jina lake likawa Mahmudu Kimeo.

Watu walilivamia duka lake Newala, wakazimwagia petroli taa zote zilizokuwamo, wakalichoma duka. Yeye alikuwa amejificha chini ya meza ya jirani. Walipomfichua walimpiga mpaka taya likahama, na mmoja akamkata sikio la kushoto kwa panga la kufyekea. Nusu ya sikio ilibaki. Nusu nyingine ilibaki barabarani.

Akapotea. Wengine walisema amekufa, wengine walisema anatengeneza simu Kariakoo.

Wa pili ndio walikuwa sahihi.

Aliporudi Masasi alikuwa na mvi na nyaraka za mkopo. Akapanga ghala lililowahi kuhifadhi korosho, akaweka meza, akaajiri vijana wa kike na wa kiume waliomaliza ufundi, na mimi akanipa kazi ya kukagua kila kitu kabla hakijatoka mlangoni.

Siku ya kwanza aliniambia, "Mwalimu, kazi yako ni kunikatalia. Mara ya kwanza hakuna aliyenikatalia."

Nikamwambia hiyo naiweza.

Bidhaa ilikuwa moja. Redio yenye taa na mahali pa kuchajia simu, inayotumia jua. Iliitwa Kusi. Ilikuwa na mambo mawili ambayo redio za bei chee kutoka nje hazikuwa nayo. Kwanza, mfuniko wake wa nyuma ulifunguka kwa sarafu, na kila kifaa cha ndani kiliuzwa peke yake. Pili, ilikuwa na sauti. Spika kubwa, matundu mapana mbele, betri yenye nguvu.

Niliidondosha, niliimwagia maji, niliiacha juani kwenye bati. Ilistahimili yote. Nikaipitisha.

Sitatia chumvi nikieleza kilichofuata. Mafundi wa simu wa Masasi, waliokuwa wakishinda wanacheza bao, walipata kazi. Maboksi ya redio za nje yalikaa rafuni mpaka picha zikapauka. Ungeingia duka lolote kuanzia Nanganga mpaka Masasi mjini, ukanunua tochi, pasi au feni, ungemsikia mteja anauliza kwanza swali ambalo zamani halikuwepo.

"Inafunguka?"

Muuzaji akisema haifunguki, mteja anairudisha.

Hivyo ndivyo mtu mmoja alivyobadilisha tabia ya ununuzi ya wilaya nzima. Mimi nilikuwepo.

Lakini Mahmudu hakuridhika. Alitaka Mnyambe na vijiji vyake, huko Newala, upande uleule uliomfukuza. Nilimwambia soko la Masasi linatosha kwa sasa.

"Mwalimu," akasema, "siwezi kusema nimerudi kama sijarudi pale nilipotolewa."

Mnyambe kulikuwa na mfanyabiashara mmoja mkubwa, Mzee Abdulazizi. Duka lake lilitazama uwanja wa gulio. Aliuza redio za nje, betri, tochi, ndoo, mapazia, na msimu wa korosho ukifika aliuza salfa, ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ukungu. Mahmudu alikwenda kumwomba awe wakala wake. Tulikwenda pamoja.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kibaraza. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri. Kisha akamtazama Mahmudu.

"Karibu, sikio moja na nusu."

"Ahsante, mzee. Hili lililobaki linasikia kuliko yote mawili ya zamani."

Wakacheka wote wawili. Nilidhani mambo yatakuwa mepesi.

Nikaifungua Kusi kwa sarafu, Abdulazizi akaitazama ndani kwa muda mrefu, akaifunga. Akasema ni nzuri. Akasema hajawahi kuona nzuri kama hiyo. Na akakataa kuiuza.

"Mimi nauza vinavyokufa, ndugu yangu," akasema. "Kisichokufa kitanilisha nini?"

Mahmudu aliondoka ametabasamu. Alipata wakala mwingine, mwenye kibanda kidogo, na Kusi ikaingia Mnyambe hivyohivyo. Ikauzika. Duka la Abdulazizi likapungukiwa watu.

Wateja wetu wakubwa kule walikuwa wapuliziaji.

Kama hujawahi kuona kazi hiyo, ni hivi. Mpuliziaji anabeba mgongoni mashine yenye injini ya petroli, ana bomba mkononi, na anatembea kati ya mistari ya mikorosho akirusha salfa kwenye matawi. Wanakwenda kwa kikundi, kila mtu mstari wake. Vumbi la njano linatanda kiasi kwamba hutamwona mwenzako aliye karibu, na kwa kelele za injini hata ukimwita hasikii.

Watu wa Mnyambe walikuwa na dawa yao. Kila mmoja anajifunga redio kifuani kwa mkanda, na wote wanafungulia stesheni moja. Ukiisikia kulia, mwenzako yuko kulia. Ukiacha kuisikia, unasimama na kumtafuta. Ni utaratibu mzuri, umeokoa watu waliozidiwa na vumbi.

Redio za zamani hazikushindana vizuri na injini. Kusi ilishindana. Ndiyo maana kila mpuliziaji aliitaka.

Salfa inaingia kwenye matundu ya spika. Inaganda ndani. Ikikutana na shaba, shaba inageuka nyeusi na kuliwa taratibu. Kiungio kinalegea, kinapata joto. Na salfa yenyewe ni kitu kinachowaka. Haihitaji moto mkubwa. Inayeyuka, kisha inashika, na mwali wake ni wa buluu, mfupi, karibu hauonekani juani, na hewa yake inakaba koo.

Haya yote yapo kwenye vitabu vya sekondari. Ila hakuna kitabu kilichoniambia kwamba kuna watu wanaovaa redio kifuani katikati ya wingu la salfa. Na mimi, niliyekuwa nalipwa kufikiria, nilipima maji, joto na kudondoka. Vumbi nililolipima lilikuwa la barabarani.

Mtu wa kwanza kuungua aliitwa Felix.

Alikuwa kwenye mstari wa pembeni, na kaka yake Erasto kwenye mstari unaofuata. Erasto ndiye aliyeeleza. Alisema aliisikia redio ya mdogo wake inakwama katikati ya wimbo. Akasimama, kama utaratibu unavyotaka. Akaingia kwenye vumbi, akamwona Felix anajipiga kifuani kama mtu anayefukuza nyuki.

Hakukuwa na moto wa kuonekana. Kulikuwa na kitu cha buluu kinachotembea kwenye shati.

Shati la mpuliziaji limejaa salfa. Mkanda wa redio ulikuwa wa nailoni, ukayeyuka ukashika nyama. Erasto aliung'oa kwa mikono, ukatoka na ngozi. Kisha petroli ya mashine mgongoni ikashika.

Felix hakufa shambani. Alifikishwa hospitali anaongea. Alimwuliza kaka yake kama redio imepona, kwa sababu alikuwa ameinunua karibuni. Alfajiri akafa.

Wakala wetu alituletea mabaki ya redio ndani ya gunia. Nikayafungua mezani. Shaba yote nyeusi, unga wa njano umeyeyuka na kuganda kama nta. Nilielewa kabla sijamaliza kufungua. Nikamwita Mahmudu, nikamweleza.

Akaniuliza, "Kosa ni letu au ni lao?"

"Matundu ni yetu. Betri ni yetu. Wao wamevaa redio, basi."

Nikamwambia tusimamishe mauzo, turudishe redio zote za wapuliziaji, tuweke kitambaa kizito nyuma ya matundu na kuziba viungio kwa lakiri. Na twende Mnyambe kuwaeleza wenyewe, kwa mdomo, kabla mtu mwingine hajaungua.

Hakubisha. Nasema hivi kwa haki yake: hakubisha hata kidogo.

"Tutakwenda," akasema. "Mara ya kwanza nilijificha, wakanipiga kama mwizi. Safari hii wataniona nimekuja kwa miguu yangu."

Tulifika siku ya gulio. Nyuma ya pikapu kulikuwa na redio mpya za kubadilishana na zile mbovu, na moja ilikuwa inaimba, imening'inizwa kwenye chuma kilicho nyuma ya chumba cha dereva, kama tulivyofanya siku zote kutangaza biashara. Hakuna aliyekumbuka kuizima.

Msiba ulikuwa bado mbichi. Tuliingia kijijini na muziki.

Hilo lilitosha.

Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha mbele. La pili lilimpata Mahmudu mdomoni alipofungua mlango kusema tumekuja kwa amani. Alitema meno akaendelea kusema tumekuja kwa amani, lakini maneno hayakutoka vizuri tena. Wakamvuta kwa shati, shati likachanika, wakamvuta kwa mguu. Mtu alimpiga mbavuni kwa mpini wa jembe. Nilisikia sauti ya mfupa. Nimefundisha sauti kwa miaka, najua mti unapokatika na najua mfupa unapokatika.

Mimi walinisukuma kando. Kijana mmoja akaniambia, "Dada, wewe kaa huko, hii si yako."

Redio zikateremshwa na kupasuliwa moja moja. Ile iliyoning'inia haikuguswa, sijui kwa nini. Ikaendelea kuimba. Wakachomoa waya, wakamfunga.

Aliyenoa panga alikuwa Erasto. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa bandeji, na damu ya majimaji ilikuwa inapenya. Alilishika panga kwa ncha za vidole.

"Mlete mkono," akasema. "Nianzie ule unaotengeneza."

Wakaunyoosha mkono wa kulia wa Mahmudu juu ya kigogo cha muuza nyama.

Hapo ndipo Mzee Abdulazizi alipotoka dukani kwake.

Alivuka uwanja polepole na kanzu yake, akapita katikati ya watu kama anapita msikitini, akasimama mbele ya kigogo. Mtu aliyetuombea mabaya kuliko wote pale, ndivyo nilivyofikiri.

"Erasto, baba. Pole sana. Felix alikuwa mtoto wangu pia."

"Ahsante, mzee. Pisha."

"Napisha. Lakini ukishamkata hutaweza kumwuliza tena. Mwulize kwanza."

"Nimwulize nini? Nnungu ameshaona."

"Mungu ameona. Wewe hujaona. Huyu binti amesoma, nimemwona anaifungua ile mashine kama mtu anachambua samaki. Msikilizeni mwalimu. Akimaliza, panga lako halitakuwa limekimbia."

Watu wachache wakacheka. Kicheko kidogo, lakini kililegeza mikono iliyoushika ule mkono.

Erasto akanitazama. "Sema."

Abdulazizi akaleta kiti kutoka kwenye kibaraza chake, akanisaidia kupanda juu yake ili nionekane. Nikaomba salfa. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuma ikaletwa kwenye bakuli kutoka dukani.

Niliamini jambo moja wakati ule. Niliamini kwamba mtu akielezwa chanzo cha jambo, hasira inakosa mahali pa kusimama. Nilikuwa nimeliona darasani mara nyingi.

Mpuliziaji mmoja akanipa redio yake aliyokwisha kwenda nayo shambani, nikaifungua, nikawaonyesha unga ulioganda ndani na shaba nyeusi. Nikaweka salfa kidogo juu ya kaa lililoletwa kutoka kwa muuza mishikaki. Ikayeyuka, ikawa nyekundu, kisha mwali wa buluu ukatambaa juu yake. Moshi ukaenda na upepo. Watu wa mbele wakakohoa na kurudi nyuma.

Erasto hakurudi nyuma. Aliuvuta ule moshi makusudi. Macho yakamjaa machozi.

"Ndiyo," akasema taratibu. "Ndiyo harufu yenyewe."

Wale walioushika mkono wa Mahmudu wakauachia. Nikasema si jini, si laana, ni salfa iliyoingia kwenye redio. Nikasema kila mwenye redio aache kuivaa shambani leo hii.

Nilidhani nimemaliza. Nilidhani nimeokoa mtu.

Erasto akafikiri. Alikuwa mtu mwenye akili, na swali aliloliuliza ndilo swali ambalo ningetaka mwanafunzi aniulize.

"Mwalimu. Salfa tunapuliza tangu enzi za baba zetu. Redio tunabeba miaka yote. Mbona za zamani hazikuwaka?"

Jibu lilikuwa moja tu. Za zamani zilikuwa na matundu madogo na betri dhaifu. Zikiingiwa salfa, zinakufa kimya. Yetu ilikuwa na nguvu ya kutosha kuua mtu. Mwaka huu kilichobadilika ni Kusi.

Nilifungua kinywa. Nilikuwa natafuta namna fupi ya kulisema.

Mahmudu akawahi.

Alikuwa amelala ubavu kwenye mchanga, mikono imefungwa, mdomo umevimba. Alisema kwa shida, lakini alisikika.

"Erasto. Salfa ya mwaka huu umenunua kwa nani?"

Hakukuwa na haja ya kujibu. Bakuli la salfa lilikuwa bado kwenye kiti, miguuni pangu.

"Na redio zangu," akaendelea, akatema damu, "zimemharibia nani biashara hapa? Mimi sisemi kitu. Nauliza tu."

Nimelirudia tukio hili mara nyingi, na bado sijui ni nani aliyesogea kwanza. Nilichokiona ni vichwa vinageuka vyote kwa pamoja, kama shamba la ufuta linapopigwa na upepo.

Abdulazizi alikuwa amesimama palepale, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti changu.

Nikapiga kelele kwamba salfa haijatiwa kitu, kwamba salfa zote zinawaka, kwamba kosa ni la redio. Nilisema kwa sauti niliyoitumia kunyamazisha mkutano wa shule nzima. Kiti kikapigwa teke chini yangu.

Mzee hakukimbia. Alisema, "Jamani, mnanijua." Alisema hivyo mara moja tu.

Walimpiga kwa mawe kwanza, kisha kwa magongo, kisha kwa chochote kilichokuwa gulioni. Mizani ya muuza dagaa. Mchi. Alipoanguka, mtu mmoja alimmwagia lile bakuli la salfa kichwani. Mwingine akachukua lile kaa.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Mwali ulikuwa wa buluu.

Erasto hakugusa. Panga lilikuwa limemwanguka. Alisimama ameweka bandeji zake kifuani, anatazama moto uleule aliokwisha kuuona. Nadhani yeye peke yake pale, pamoja nami, alielewa kwamba swali lake halijajibiwa.

Mke wa mzee, Mwanaheri, alitoka dukani akaanza kukimbia, wanawake wa sokoni wakamkamata wakamlaza chini na kumfunika kanga asione. Duka likavunjwa. Watu walitoka na ndoo na mapazia.

Mahmudu walimsahau.

Nilimfungua waya kwa meno na kucha. Nikamburuta mpaka kwenye pikapu, nikaendesha bila kioo cha mbele, upepo unatupiga usoni. Tukaanza kuteremka mlima, milima ya mawe ya Masasi ikaonekana mbele.

Nikamwuliza kwa nini amesema vile.

Alikuwa anashikilia mbavu zake.

"Mwalimu, wale walikuwa wameshatoka nyumbani kuua. Ulitaka kuwaambia nini? Kwamba ni mimi?"

"Ndiyo. Kwa sababu ni wewe. Ni sisi."

"Ndiyo maana niliwahi."

Nikamwambia yule mzee ndiye aliyemwokoa. Nikamwambia bila Abdulazizi asingekuwa na mkono wa kulia muda ule.

"Najua," akasema. Hakuonyesha kukasirika wala kujuta. "Mara ya kwanza nilipigwa kwa sababu sikuwa na jina la kuwapa. Nilikaa Kariakoo miaka yote hiyo nikifikiria kosa lilikuwa betri. Halikuwa betri."

Nilisimamisha gari, nikashuka, nikasimama pembeni ya barabara. Kisha nikampeleka hospitali, kwa sababu alikuwa mgonjwa.

Niliacha kazi juma lile. Niliandika maelezo polisi, yote, pamoja na maneno yake kama alivyoyasema. Ofisa aliyenisikiliza alikuwa mtu makini. Alisoma mara mbili akaweka kalamu chini.

"Dada, hapa amesema uongo gani?"

Nikatafuta. Sikuona. Ni kweli Abdulazizi aliuza salfa. Ni kweli biashara yake ilikuwa imeharibika. Mahmudu aliuliza maswali mawili yenye majibu ya kweli. Walioshtakiwa ni wachache waliotambuliwa wakiwa na ndoo za duka mikononi.

Kusi ya sasa ina kitambaa kizito nyuma ya matundu na lakiri kwenye viungio. Mchoro ni wangu. Hakuna nyingine iliyowaka tangu hapo, na haitawaka. Inauzwa Masasi, Newala, Mtwara, na nasikia imeanza kuvuka kwenda Tunduru. Wakala wa Mnyambe amehamia kwenye duka kubwa linalotazama uwanja wa gulio, maana kile kibanda kilikuwa kimemzidi. Magazeti yamemwandika Mahmudu kama mfano wa mtu aliyeanguka akasimama. Hakuna uongo humo pia.

Mwaka huu nilikwenda Nanganga, anakoishi Mwanaheri na wanawe. Nilimweleza yote niliyoandika hapa, kwa mpangilio huuhuu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele, kisha akaniuliza jambo moja.

"Mwanangu, wakati unawaeleza mambo ya salfa, mume wangu alikuwa upande gani?"

Nikamwambia alikuwa ameshika kiti changu nisianguke.

Akaendelea kuchambua mchele.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kama umesoma na unaamini sababu kama ninavyoziamini mimi, chukua hili. Watu wenye mawe hawakukusanyika kutafuta sababu. Walikusanyika kutafuta mtu. Usisimame mbele yao kutoa nusu ya ukweli huku ukitafuta maneno ya nusu iliyobaki. Ile nusu uliyoiacha hewani, kuna mwingine amelala chini, anaisubiri, na yeye maneno anayo tayari.